Umesoma Kiasi Gani?

Naandika kupinga tabia moja iliyozoeleka katika madarasa yetu ya kompyuta, nayo ni kufundishwa kwamba kusoma faili ni mstari mmoja wa msimbo. Fungua faili, soma, funga. Mhadhiri anaandika mistari mitatu ubaoni, sisi tunanakili, mtihani ukija tunairudisha kama ilivyo na tunapata alama. Mstari ule wa katikati hautuonyeshi kazi inayofanyika ndani yake, wala hautufundishi kuuliza kilichopatikana. Na sisi wanafunzi, badala ya kudai tufundishwe, tunafurahi kwamba somo ni jepesi. Sisemi haya kwa kusikia. Mimi mwenyewe nilitoa taarifa ya uongo kwa kituo cha afya kwa sababu ya mstari huo.

Nikiwa mwaka wa tatu, mimi na wenzangu wawili tulitengeneza kifaa cha kurekodi joto la friji ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na joto likitoka hapo kwa muda mrefu chanjo huweza kuharibika bila kubadilika sura. Kifaa chetu kilikuwa bodi ndogo yenye kipima joto na memori kadi. Kila kilipowashwa kilianza faili jipya, na kila baada ya dakika 10 kiliandika humo rekodi moja ya baiti 16. Ili kubana nafasi, hatukuandika saa ndani ya rekodi; tuliihesabu kutokana na nafasi ya rekodi katika faili. Mwisho wa wiki bodi ilisoma mafaili hayo na kutoa mchoro. Jopo la wahadhiri lilituuliza kuhusu rangi za mchoro, bei ya kasha, na kama tungeweza kuongeza programu ya simu. Hakuna aliyetuuliza tulisomaje faili. Tulipata alama za juu.

Kisha tukapeleka kifaa kwa majaribio katika kituo kimoja cha afya. Baada ya wiki moja muuguzi aliyesimamia chanjo alitazama mchoro wetu, akaweka kidole mahali pamoja, akasema: "Vijana, siku hii umeme ulikatika saa nane mchana, haukurudi mpaka asubuhi. Kifaa chenu hakina betri. Hapa mnaniambia saa kumi na moja jioni friji ilikuwa na nyuzi 5. Mlipima kwa kitu gani?"

Hatukuwa na jibu. Nashukuru kwamba yeye hakutegemea kifaa chetu. Alikuwa akisoma kipimajoto chake na kuandika kwa mkono katika daftari, asubuhi na jioni, kama alivyofundishwa. Lau angelitupa daftari lile na kuamini mchoro wetu, angeamini kwamba chanjo zilikuwa salama katika saa ambazo hakuna aliyezipima.

Kosa lilikuwa hili. Tulikuwa tukisoma baiti 512 kwa mkupuo, yaani rekodi 32, na kurudia mpaka faili liishe. Kwenye mkupuo wa mwisho faili lilikuwa limebakiwa na baiti 160 tu, yaani rekodi 10. Amri ya kusoma ilijaza baiti 160 za mwanzo wa bafa yetu, kisha ikatuambia wazi: nimesoma 160. Sisi hatukuitazama hesabu hiyo. Tulichora rekodi zote 32. Zile 22 za ziada zilikuwa masalia ya mkupuo uliotangulia, yaliyokuwa bado yamekaa ndani ya bafa. Rekodi 22 za dakika 10 ni saa 3 na dakika 40. Ndiyo maana mchoro uliendelea kuonyesha friji yenye ubaridi mzuri mpaka saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, ilhali kifaa kilikwisha kuzimika tangu saa nane. Joto la asubuhi tulilitoa kuwa joto la jioni.

Tulikuwa tumetumia FatFs, maktaba ndogo ya mfumo wa mafaili inayojulikana sana miongoni mwa watengenezaji wa vifaa vidogo. Maktaba haikudanganya. Amri yake ya kusoma hutoa majibu mawili: moja ni hali, yaani kama kazi imekwenda sawa au imekwama, la pili ni hesabu ya baiti zilizosomwa kweli. Hali ikiwa sawa na hesabu ikawa pungufu kuliko ulivyoomba, maana yake umefika mwisho wa faili. Tulitazama hali, tukaona sawa, tukaendelea. Jibu la pili tulilitupa kwa sababu hakuna darasa lililowahi kutuambia kwamba lina kazi.

Jambo hili si geni hata kidogo. Dennis Ritchie na Ken Thompson walipoueleza mfumo wa Unix katika makala yao ya mwaka 1974, walieleza amri ya kusoma kwamba hurudisha idadi ya baiti zilizosomwa, na kwamba ikirudisha sifuri, faili limefika mwisho. Zaidi ya miaka 50 imepita tangu hapo. Mkataba ni ule ule: ninayeomba nataja kiwango cha juu ninachoweza kupokea, na anayesoma anataja alichokipata. Kuomba si kupata. Mtoto aliyetumwa dukani na noti kuleta sukari kilo mbili, akakuta imebaki nusu kilo, analeta nusu kilo na chenji. Mama asiyetazama kilicholetwa, akapika chai ya wageni kwa kudhani ana kilo mbili, asimlaumu mtoto.

Baada ya aibu ile niliamua kuandika amri ya kusoma mwenyewe, kutoka mwanzo, bila maktaba. Ilinichukua majuma matatu ya jioni. Nataka kueleza nilichokikuta, maana ndicho kinachofichwa na mstari mmoja.

Kwanza, kuna tabaka mbili. Tabaka la juu halijui chochote kuhusu memori kadi. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba faili limefunguliwa kweli, kutambua ni la mfumo upi wa mafaili, na kulikabidhi ombi kwa mfumo huo. Watu wa kampuni ya Sun walieleza mpangilio wa namna hii kwa Unix yao katika miaka ya 1980, ili mashine moja iweze kutumia mifumo tofauti ya mafaili kwa amri zile zile. Leo unaukuta hata katika Zephyr, mfumo endeshi huria wa vifaa vidogo. Humo kila mfumo wa mafaili huleta orodha ya kazi unazoziweza: kufungua, kusoma, kuandika na nyinginezo. Tabaka la juu hutazama orodha. Kama kazi ya kusoma haimo, hurudisha kosa la kusema kwamba haiwezekani. Haibuni jibu, na huo ni uaminifu wa kwanza.

Tabaka la chini ndilo lenye jasho. Memori kadi haijui faili ni nini. Inajua sekta tu, na sekta kwa kawaida ni baiti 512. Huwezi kuiomba baiti 3. Utapewa sekta nzima, uchague mwenyewe. Mfumo wa FAT hukusanya sekta kadhaa kuwa klasta, na klasta za faili moja zinaweza kuwa zimetawanyika kadi nzima. Kinachoziunganisha ni jedwali lililo mwanzoni mwa kadi: ukiwa klasta hii, jedwali linakuambia klasta inayofuata, mpaka ukute alama ya mwisho.

Tuchukue mfano. Faili lina baiti 3000. Klasta moja ina sekta 4, yaani baiti 2048. Tumeshasoma mpaka nafasi ya 1900, na sasa programu inaomba baiti 600. Nafasi ya 1900 iko ndani ya sekta ya nne, ambayo imebakiwa na baiti 148. Tunaileta sekta hiyo, tunanakili 148. Sasa tuko 2048, mpakani mwa klasta. Hatuwezi kuendelea mbele kwa kudhani klasta ya jirani ni yetu. Lazima tuliulize jedwali. Tukipewa klasta inayofuata, tunaleta sekta yake ya kwanza, tunanakili baiti 452. Jumla 600, nafasi mpya 2500. Programu inaomba 600 tena. Faili limebakiwa na 500, kwa hiyo kabla ya kugusa kadi tunalipunguza ombi liwe 500: baiti 60 zilizobaki katika sekta hii na 440 za sekta inayofuata. Tunarudisha 500. Programu inaomba mara ya tatu: tunarudisha sifuri. Maombi matatu yanayofanana, majibu matatu tofauti, na yote ni sahihi. Mwanafunzi aliyewahi kuandika hatua hizi kwa mkono wake hawezi tena kuipuuza hesabu inayorudi, kwa sababu anajua imetoka wapi.

Nilikosea mara nyingi, na makosa yangu yalinifunza kuliko mihadhara. Nilisogeza nafasi ya faili kwa kiasi kilichoombwa badala ya kiasi kilichosomwa, na usomaji uliofuata ukaanzia mahali pasipokuwepo. Nilifuata jedwali bila kukagua namba niliyopewa; siku nilipoliharibu jedwali kwa makusudi, programu yangu ilizunguka bila mwisho. Katika FAT, klasta 0 na 1 hazibebi data, kwa hiyo mnyororo ukikuelekeza huko ujue jedwali limeharibika, na wajibu wako ni kusimama na kusema. Nilirudi kuusoma msimbo wa FatFs nikakuta ukaguzi huo umo.

Kosa jingine lilinichekesha baadaye. Amri yangu ilirudisha hesabu ikiwa kazi imefanikiwa na namba hasi ikiwa imeshindikana, kama ilivyo desturi. Lakini programu iliyoipokea niliiandika ipokee namba zisizo na alama ya kutoa. Kadi ilipokataa kusomwa, amri ilirudisha -5, na programu ikaiona kuwa 4294967291. Bodi yenye kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu iliamini kwamba imesoma zaidi ya baiti bilioni 4.

Na kuna mtego ambao bila FatFs nisingeutambua. Ili kuokoa muda, ombi likiwa kubwa, sekta nzima nzima husomwa moja kwa moja kutoka kwenye kadi hadi kwenye bafa ya mwombaji. Lakini huenda sekta mojawapo iko mkononi mwa mfumo, imeshabadilishwa na bado haijaandikwa kwenye kadi. Ukisoma kadi peke yake utapata ya zamani. Lazima ukague kilicho mkononi, na kikiwa ni kipya ukiweke mahali pake. Hapa hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini. Kila kitu kitakwenda sawa, ila utakachopewa ni habari ya jana.

Najua watakaonipinga, na nawajibu hapa.

Wa kwanza watasema kwamba maktaba zipo, zimeandikwa na mabingwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ataandika nini cha maana? Nakubali kwamba hataandika iliyo bora. Yangu ni mbaya kuliko FatFs kwa kila kipimo, na kifaa chetu kilichorekebishwa bado kinatumia FatFs. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Sikuiandika ili niitumie. Niliiandika ili nijue ninapewa nini na nidai nini. Tulipokuwa na maktaba ya mabingwa na hatukujua kuitumia, tulitoa uongo uliopambwa kwa rangi.

Wa pili watasema hakuna fedha za bodi na kadi kwa darasa la wanafunzi 100. Hoja hii inasikika vizuri mpaka ufanye kazi yenyewe. Mimi niliandika karibu zote bila bodi. Faili moja la megabaiti chache ndani ya kompyuta yoyote ya maabara linaweza kuigiza kadi: sekta ya 0 ni baiti 512 za mwanzo, sekta ya 1 ni zinazofuata, na kuendelea. Uzuri wake ni kwamba kadi hii ya kuigiza unaweza kuiamuru ishindwe. Unaiambia: ukiombwa sekta ya 7, kataa. Kisha unatazama programu ya mwanafunzi inafanya nini. Kadi ya dukani haikubali kuamriwa hivyo. Huharibika siku inayotaka yenyewe, na mara nyingi siku hiyo wewe uko mbali nayo.

Wa tatu ni wenzetu wanaosema kwamba mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili, na kwamba insha kama hii haina mahali katika mkusanyo wa wanafunzi wa Kiswahili. Hapa Uganda maneno hayo tunayasikia sana, hata baada ya Baraza la Mawaziri kukubali mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mimi nina ushahidi wa kinyume. Baada ya tukio la kituo cha afya niliwaeleza wenzangu wa darasa la Kiswahili kilichotupata, nikaanza kwa kusema, "Kifaa kilisoma faili." Mmoja wao, anayesomea ualimu na hajawahi kuandika programu, aliuliza papo hapo: "Kilisoma kiasi gani?" Jopo zima la kompyuta halikuliuliza swali hilo. Yeye aliliuliza kwa sababu katika Kiswahili neno kusoma halijifungi kwenye ukurasa. Tukiambiwa fulani amesoma, tunauliza amesoma mpaka wapi, maana aliyeishia darasa la pili na aliyehitimu chuo kikuu wote wamesoma. Sidai kwamba Kiswahili kina uchawi ambao Kiingereza hakina. Nadai kwamba tulipokuwa tukikariri kwa Kiingereza kila mtu aliitikia kwa kichwa, na nilipolazimika kueleza kwa lugha inayoruhusu mtu yeyote kuuliza, shimo lilionekana mara moja. Sekta, klasta na bafa yamekuwa maneno yetu kama yalivyokuwa shule na benki. Kazi iliyobaki ni kuyatumia.

Kuna pia wanaosema kimoyomoyo kwamba tatizo ni dogo: rekodi 22 tu. Hao ndio ninaowaogopa. Kifaa kinachokataa kufanya kazi hakimdhuru mtu sana. Muuguzi atakiweka kando na kurudi kwenye daftari lake. Kifaa kinachojaza pengo kwa data ya zamani, kikatoa mchoro safi, hicho ndicho hatari, kwa sababu hakuna atakayekishuku. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa atakayeumbuka si aliyeficha, ni mtoto atakayechomwa chanjo isiyofanya kazi.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu mambo matatu, tena nayaomba kwa heshima yote. Kila mwanafunzi wa mifumo endeshi aandike amri ya kusoma faili kwa mkono wake kabla ya kuruhusiwa kutumia ya maktaba, hata ikiwa ya FAT ndogo kabisa isiyoandika chochote. Alama zitolewe kwa namna programu inavyoshindwa: faili likiisha katikati ya ombi, sekta ikikataa, jedwali likiwa bovu. Programu inayofanya kazi siku ambayo kila kitu ni kizima ipewe nusu ya alama tu, kwa sababu hiyo ni nusu ya kazi. Na kila mwanafunzi asimame aeleze programu yake kwa lugha ambayo mtu asiye wa kompyuta anaweza kumhoji, awe Kiswahili au lugha nyingine ya nyumbani.

Nanyi wenzangu, msisubiri. Fungueni leo programu yoyote mliyoandika inayosoma faili, mtafute mahali amri ya kusoma inaporudisha hesabu, mtazame kama mmeipokea au mmeitupa. Nilifanya hivyo katika kazi zangu zote za miaka mitatu. Nilikuta nimeitupa mara kumi na moja, na katika kazi hizo zote hakuna mhadhiri aliyenikata hata alama moja.

Kifaa chetu tulikirudisha kituoni mwezi uliopita. Sasa kila rekodi ina saa yake, na pale data inapoisha mchoro unaishia hapo, ukifuatiwa na nafasi nyeupe yenye maneno "hakuna kipimo". Muuguzi aliutazama, akauliza ile nafasi nyeupe ni nini. Nikamwambia ni saa ambazo kifaa hakikujua lolote. Akasema hivyo ndivyo anavyotaka, kisha akaandika joto la asubuhi katika daftari lake.